Kutangaza au kuchambua? Njia nne zilizotoka chumba kimoja cha St. Louis

Mpwa wangu amecheza mpira wa madaraja ya chini Mwanza kwa miaka tisa, mpaka goti likamkatalia. Mwezi uliopita redio moja ya huko ilimwita akajaribiwe, na usiku uleule akanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Wameniuliza nataka kutangaza au kuchambua. Nimewaambia nitawajibu Jumatatu. Niwajibu nini?"

Marahaba. Kumuuliza mtu wa Milwaukee, huku Marekani, mambo ya redio ya Mwanza ni sawa na kwenda kuchota maji Dodoma ilhali ziwa liko mlangoni. Lakini kijana alikuwa na sababu. Nimeendesha gari la kusambaza vifurushi katika mji huu kwa miaka kumi na moja, na redio ya gari lile ilikwama kwenye stesheni moja tu, ile inayotangaza mechi za Milwaukee Brewers. Besiboli sikuichagua, ilinikuta barabarani. Sauti iliyonifundisha ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa mchezaji mbovu na akatangaza kwa miaka 54.

Nikamjibu mpwa wangu kwamba kabla hajachagua, awatazame watu wanne waliowahi kubadilisha nguo chumba kimoja. Ni wachezaji wa St. Louis Cardinals wa 1964, timu iliyoishinda New York Yankees katika fainali za World Series kwa mechi nne dhidi ya tatu. Mdakaji wa kwanza alikuwa Tim McCarver. Mdakaji wa akiba, ambaye hakugusa uwanja hata dakika moja katika fainali zile, alikuwa Bob Uecker. Kwenye kituo cha kwanza alisimama Bill White, na upande wa kulia nyuma kabisa alikuwa Mike Shannon. Wote wanne waliishia kwenye kipaza sauti, na kila mmoja alipita mlango wake.

Kwa asiyeujua mchezo huu, maneno mawili matatu. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo lake, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, uso umefunikwa na wavu wa chuma. Wenzake wote wanatazama huku, yeye anatazama kule, kwa hiyo ndiye anayeuona uwanja mzima mbele yake. Ndiye pia anayemwonyesha mrushaji kwa vidole aina ya mpira wa kurusha. Mpigaji akiupata mpira anakimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi alipoanzia ni bao; mpira ukivuka uzio, yeye na wenzake walioko vituoni wote wanaingia. Mechi ni raundi tisa, na timu zikilingana zinaongezwa. Msimu wa kawaida ni mechi 162, karibu kila siku ya Mungu kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Na katika mechi ya zaidi ya saa mbili na nusu, muda mwingi hakuna kinachotembea: mrushaji anafuta jasho, mpigaji anakaza glavu, mdakaji anakuna goti. Kandanda inamkimbiza mtangazaji. Besiboli inamwachia ukimya mkubwa na kumuuliza: wewe una nini cha kusema?

Hapo ndipo Uecker na McCarver wanapoachana.

Mdakaji wa akiba

Bob Uecker alizaliwa Milwaukee mwaka 1934. Timu ya mjini kwao wakati huo, Braves, ilimsajili mwaka 1956 kwa dola 3,000. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba jambo hilo lilimsumbua sana baba yake, kwa sababu nyumbani hawakuwa na fedha kiasi hicho cha kuwapa. Ukiucheka utani huo umeshaielewa kazi yake yote ya baadaye.

Alicheza ligi kuu kuanzia 1962 hadi 1967, na wastani wake wa kupiga ukawa .200. Yaani katika kila mara kumi alizopewa nafasi alifanikiwa mara mbili. Kwa hesabu za kwetu, ni mshambuliaji mwenye bao mbili kwa msimu na moja lina utata wa kuotea. Mwaka 1967 alikuwa wa kwanza katika ligi yake kwa mipira iliyompita mdakaji, mipira 27, sehemu kubwa kwa sababu alikuwa akimdakia Phil Niekro, mtu aliyerusha mpira usiozunguka, unaoyumba hewani kama kipepeo. Aliulizwa namna bora ya kuudaka. Akasema: unasubiri uache kubingirika, kisha unauokota.

Kabla ya mechi moja ya fainali zile za 1964, wapiga tarumbeta waliokuja kutumbuiza waliacha vyombo vyao uwanjani. Uecker akachukua tuba, lile tarumbeta kubwa la kuvaa mwilini, akaenda nyuma ya uwanja wakati wenzake wanafanya mazoezi ya kupiga, akaanza kuidakia mipira. Mingine iliingia, mingine ililibonyeza tarumbeta. Ni mtu anayejua hatapangwa, halafu anaamua kwamba hata hivyo leo watu watamkumbuka. Sijui kama kuna usaili wa redio unaoweza kumzidi.

Alipostaafu hakwenda moja kwa moja hewani. Bud Selig, mmiliki wa Brewers, alimpa kwanza kazi ya kutafuta vipaji. Selig amesimulia mara nyingi kwamba ripoti ilimfikia ikiwa na madoa ya viazi vya kuponda na mchuzi. Basi 1971 wakampeleka redioni. Mwanzoni alikaa pembeni akichombeza, hadi siku ambayo wenzake wawili walinyanyuka katikati ya mechi wakamwacha peke yake na kipaza sauti. Aliogopa vibaya. Lakini mpira uliporushwa ilibidi mtu aseme umeenda wapi, na aliyekuwepo ni yeye.

Kuanzia hapo Marekani nzima ikamjua. Johnny Carson alimwalika kwenye kipindi chake cha usiku takriban mara mia, akamwita kwa mzaha "Bwana Besiboli". Akafanya matangazo ya bia ambamo anajigamba kwamba tiketi aliyopewa lazima ni ya safu ya mbele, kisha anaonekana amekaa juu kabisa, peke yake, ambako hata ndege hawatui. Aliigiza kwenye televisheni na kwenye filamu. Na jioni alirudi kwenye kibanda chake cha redio Milwaukee. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Ford C. Frick, heshima kubwa kuliko zote kwa mtangazaji wa besiboli. Uwanja wa timu ukamjengea sanamu nje mwaka 2012, na miaka miwili baadaye ya pili, hii ikiwa imeketishwa safu ya mwisho kabisa juu nyuma ya mpigaji, mahali palepale pa tangazo la bia.

Watu wanadhani alikuwa mchekeshaji aliyewekwa redioni. Mimi niliyemsikiliza nikipanda na kushuka na maboksi nakataa. Utani wake ulikuwa na saa yake. Mechi ikiwa sawa kwa sawa raundi ya nane, alikuwa mkavu kama karani wa mahakama: nani yuko kituo gani, mrushaji amegeuka wapi, upepo unavuma kwenda upande upi. Timu ikishapigwa tisa kwa bila ndipo alipofungua gunia. Ataanza na soseji aliyokula, ataingia kwenye safari ya kuvua samaki, atakurudisha uwanjani mpira mmoja kabla ya kitu kutokea. Jioni moja ya mvua nilikuwa nimeegesha mbele ya nyumba ya mteja, kifurushi mapajani, nikisubiri amalizie hadithi. Mteja akatoka na mwavuli, akagonga kioo, akasikia sauti, akasimama naye. Hatukuwahi kujuana jina.

Brewers hawajawahi kutwaa ubingwa. Fainali yao pekee ya World Series ilikuwa 1982, wakafungwa na Cardinals wale wale katika mechi ya saba. Uecker alitangaza misimu 54 bila kuutangaza ubingwa huo. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Oktoba 3, 2024. Brewers wanaongoza 2 kwa 0 raundi ya tisa, Pete Alonso wa New York Mets, wenzake wawili wakiwa vituoni, akaupiga mpira nje ya uzio, kwisha kazi. Mzee, miaka 90, anaumwa saratani ya mapafu kwa siri tangu mwaka uliotangulia, akasema tu kwamba hii imechoma kidogo. Alifariki Januari 16, 2025.

Mdakaji wa kwanza

Tim McCarver ni kitabu kingine kabisa. Mzaliwa wa Memphis, 1941, alisajiliwa na Cardinals mwaka 1959 akiwa na miaka 17 kwa bonasi ya dola 75,000. Weka hiyo kando ya zile 3,000 za mwenzake. Katika fainali za 1964 wastani wake ulikuwa .478, na mechi ya tano, pale Yankee Stadium, raundi ya kumi, aliupiga mpira nje na kuingiza watu watatu. Siku moja baada ya ubingwa alitimiza miaka 23. Alicheza hadi 1980, kwa hiyo jina lake limo katika miongo minne, jambo ambalo wachache sana wamelifanya.

Lakini mtaji wake haukuwa takwimu. Ulikuwa ni watu aliowadakia. Bob Gibson alikuwa mrushaji mkali asiyependa kusogelewa. McCarver alipojaribu kumfuata katikati ya uwanja kumpa ushauri, Gibson alimrudisha: kitu pekee unachokijua kuhusu urushaji ni kwamba kuupiga mpira huwezi. Baadaye huko Philadelphia akawa mdakaji binafsi wa Steve Carlton. Fikiria miaka ishirini ya kuchuchumaa mbele ya akili za namna hiyo, kazi yako kila baada ya nusu dakika ikiwa ni kukisia huyu mpigaji anawaza nini. Alipovua kofia ya chuma, uchambuzi ulikuwa umeshamwingia mwilini, kilichobaki ni kuutamka.

Akautamka kwa miaka zaidi ya thelathini. Alikuwa na Mets kuanzia 1983 hadi 1998, na kwenye televisheni za taifa alipita ABC, CBS na hatimaye Fox hadi 2013. Alichambua World Series 24, zaidi ya mchambuzi mwingine yeyote wa televisheni. Tuzo ile ile ya Frick akaipata 2012.

Ukitaka kujua kazi ya mchambuzi ni nini, tafuta mechi ya saba ya World Series ya 2001, Novemba 4, mjini Phoenix. Raundi ya tisa, mambo ni 2 kwa 2, vituo vyote vina wakimbiaji wa Arizona. Anayerusha ni Mariano Rivera wa Yankees, ambaye mpira wake unajikunja kuelekea mikononi mwa mpigaji wa mkono wa kushoto na kuvunja magongo. Anayepiga ni Luis Gonzalez, wa kushoto. Yankees wakawasogeza walinzi wa ndani karibu ili wauwahi mpira wa chini na kumzuia mkimbiaji asiingie kufunga. McCarver akasema hewani: tatizo la kuwasogeza walinzi mbele na huyu Rivera ni kwamba wa kushoto wanampiga mipira dhaifu ya gongo lililovunjika, inayodondoka nyuma tu ya walinzi wa ndani. Mpira uliofuata, Gonzalez akaugusa dhaifu, ukaelea juu ya kichwa cha Derek Jeter aliyekuwa amesogezwa, ukadondoka pale pale. Ubingwa ukaenda Arizona.

Hiyo ndiyo tofauti ya mchambuzi na mtu anayesema "angepaswa kupiga pasi" baada ya mpira kutoka. Kila kijiwe cha kahawa kina wachambuzi wa baada. McCarver alijiwekea sharti la kusema kabla, na ukisema kabla unaweza kuumbuka mbele ya mamilioni. Naye aliumbuka mara nyingi tu.

Gharama zake zilikuwa mbili. Kwanza ni maneno mengi. Kulikuwa na watazamaji waliomchukia kwa kueleza hata yale yaliyokuwa yanaonekana kwenye skrini, na sidhani walimwonea. Pili ni maadui. Mwaka 1992 alimkosoa Deion Sanders, aliyecheza besiboli na futiboli ya Kimarekani, kwa kutaka kuzicheza zote mbili siku moja wakati timu yake ya Atlanta iko kwenye mechi za mtoano. Atlanta walipofuzu, katika chumba cha kubadilishia nguo, Sanders alimmwagia maji ya barafu kwa nyuma, si mara moja, akiwa kwenye suti na kipaza sauti mkononi. Na Mets walipomwacha baada ya msimu wa 1998, watu wengi waliona ulimi wake ndio uliomponza, kwa sababu hakuisitiri timu iliyokuwa inamlipa.

Huko kwetu nyumbani tunalijua hilo kwa sura nyingine. Msemaji wa klabu kazi yake ni kuipamba klabu, na hakuna anayemlaumu. Mchambuzi akifanya kazi ya msemaji, mtaani wanamjua ndani ya wiki mbili. Asipoifanya, simu zinaanza kupigwa.

Wawili waliobaki

Mike Shannon nitampitia haraka, kwa sababu njia yake haikuwa ya kuchagua. Ugonjwa wa figo ulimtoa uwanjani 1970 akiwa na miaka 31 tu. Mwaka 1972 akaingia kwenye redio ya Cardinals, timu ya mji alikozaliwa, akakaa kando ya mtangazaji mkongwe Jack Buck na kujifunza kazi akiwa tayari hewani, makosa yote yakisikika. Sentensi zake zilianza kaskazini zikaishia mashariki. St. Louis ikampenda hivyo hivyo kwa misimu 50, hadi 2021. Anayeugua au kuumia ghafla na hana muda wa kujipanga, huyu ndiye wa kumtazama: mji wako ukikujua, utakuvumilia ujifunze.

(Na kwa wanaoogopa sarufi: nahodha wa wote katika hilo ni Dizzy Dean, mrushaji mkubwa wa Cardinals wa miaka ya 1930. Alipokuwa mtangazaji, Kiingereza chake kiliwaudhi walimu wa Missouri hadi wakalalamika mwaka 1946 kwamba anawaharibia watoto. Wasikilizaji waliendelea kumpenda yeye, si walimu. Hata hivyo mpwa wangu, usinisingizie; redio yenu ina wasikilizaji wanaopiga simu kurekebisha ngeli.)

Bill White ndiye ninayemwonea fahari, na ndiye anayesahaulika. Mchezaji mzuri kuliko wote wanne ukitazama kazi nzima: mipira 202 nje ya uzio, wastani .286, Glavu za Dhahabu saba, ile tuzo ya ulinzi bora. Alikuwa mweusi katika Amerika ya wakati ule. Mwaka 1961, timu ikiwa kambini St. Petersburg, Florida, wachezaji weupe waliandaliwa kifungua kinywa cha heshima na weusi hawakualikwa. White alilisema jambo hilo kwa mwandishi wa habari, likasambaa nchi nzima. Yaani mdomo wake ulishaanza kazi kabla ya kipaza sauti.

Cha muhimu kwa msomaji anayechagua: White hakusubiri astaafu. Akiwa bado anacheza alikuwa akienda kwenye redio ya KMOX ya St. Louis kufanya vipindi, na alipohamia Philadelphia akaendelea na televisheni. Kwa hiyo Yankees walipomchukua 1971, hakuwa mchezaji mstaafu anayebahatisha. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mtangazaji wa kudumu wa mechi za timu ya ligi kuu, na akaifanya kazi hiyo miaka 18. Sauti yake ndiyo iliyotangaza mpira wa Bucky Dent wa Yankees uliovuka ukuta wa Fenway Park, uwanja wa Boston, Oktoba 2, 1978, siku ambayo mashabiki wa Boston hadi leo hawataki kuitaja. Kisha 1989 akaondoka kwenye kibanda na kuwa rais wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli, mtu mweusi wa kwanza kuongoza ligi kubwa ya michezo Marekani, hadi 1994.

White hakuwa mcheshi wala hakuwa profesa. Alikuwa safi, mtulivu, anayeaminika. Kama unataka kipaza sauti kikupeleke ofisini, katika shirikisho, kwenye meza ya maamuzi, mfuate yeye. Kibanda cha matangazo ni mahali pazuri sana pa kujifunza jinsi mchezo unavyoendeshwa, kwani wenye timu wote wanapita hapo kunywa kahawa.

Sasa uchague vipi

Watu huanza na swali: nilicheza kiwango gani? Swali hilo halisaidii, na chumba hiki kimoja kinaonyesha. Mchezaji mbovu na mchezaji nyota wote walipata tuzo ile ile. Jina linakufungulia mlango wiki ya kwanza. Wiki ya sita msikilizaji hakumbuki ulifunga ngapi, anakumbuka kama unamchosha.

Anza na chombo. Redio haina picha. Msikilizaji wa bodaboda, wa shambani, wa jikoni, anakutegemea wewe kumwambia mpira uko wapi, na ukinyamaza sekunde tano anadhani umeme umekatika. Hapo mtangazaji ni mfalme na mchambuzi ni mgeni wake. Televisheni ni kinyume: mtu anaona mwenyewe, kwa hiyo thamani iko katika kile asichokiona, na hapo mchambuzi ndiye anayelipiwa. McCarver asingedumu miaka 54 kwenye redio ya mji mmoja, angewachosha. Uecker naye aliwekwa kwenye televisheni ya taifa ABC mwishoni mwa miaka ya 1970, akafanya vizuri, lakini makali yake yalikuwa ni muda mrefu na watu wale wale.

Halafu kuna suala la maarifa kuzeeka. Mchambuzi anauza anachokijua, na mchezo haukai mahali pamoja. Ukiacha kusoma, miaka mitano baadaye unabaki na "enzi zetu". McCarver alipondwa kwa hilo pia miaka yake ya mwisho. Mtangazaji anauza usuhuba, ambao ukitunzwa hunoga kadiri unavyokaa, ila unadai uwepo. Mechi 162 ni harusi ngapi za ndugu umezikosa, misiba mingapi? Mtu wa familia ahesabu hilo kabla.

Lipo pia la kutoka nje ya michezo, kama Joe Garagiola, mdakaji mwingine wa Cardinals, wa kizazi cha kabla yao, aliyekulia mtaa mmoja na Yogi Berra, mdakaji maarufu wa Yankees. Alianza redioni St. Louis 1955, akaenda NBC, na huko alikuwa pia akiwaamkia Wamarekani asubuhi katika kipindi cha habari na mazungumzo ambacho hakikuhusu besiboli. Ukiwa na ulimi kama ule, michezo ni stendi tu ya kupandia basi. Lakini hao ni wachache, na wengi wanaojiona wamo, hawamo.

Kipimo nilichompa mpwa wangu ni kimoja. Usijirekodi kwenye mechi ya Simba na Yanga. Mechi hiyo ni tamu hata ikitangazwa na spika ya msikiti. Nenda kwenye ndondo, utafute mechi mbovu kuliko zote, bila bao, jua kali, waamuzi wamechelewa. Rekodi dakika kumi na tano, usikilize kesho yake. Ulipokuwa kimya, akili yako ilikimbilia wapi: kwenye kupanga upya mabeki, au kwa watu waliozunguka uwanja?

Jumamosi akanitumia sauti. Dakika ya tatu alisema beki wa kushoto anasinzia, ambalo lilikuwa kweli na halikumfikisha popote, hakuna aliyepita upande huo. Dakika ya saba mpira ukaingia kwenye shamba la mihogo la bibi mmoja, na bibi akagoma kuurudisha mpaka alipwe mche uliovunjika mwezi uliopita. Mechi ikasimama. Kijana akatangaza mazungumzo yale yote, kutoka pembeni ya uwanja, kwa sauti ya chini kama anayetangaza penalti ya fainali: nahodha amevua viatu kuonyesha heshima, mwamuzi anatafuta chenji, bibi amehamisha mpira kutoka kwapa la kulia kwenda la kushoto. Nilikuwa nimeegesha, kifurushi mapajani.

Nikamwandikia: waambie unatangaza.

Akajibu, "Sawa mjomba. Ila wamesema mtangazaji analipwa kwa mechi, mchambuzi kwa mwezi."